Kuku Asiyetaga na Binti wa Ibrahimu

Neno la kusomwa: Luka 13:10-17



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo dogo. Labda wengine watacheka wakiona mchungaji anaandika habari za kuku katika gazeti la kanisa. Lakini Mwokozi wetu mwenyewe hakuona haya kujifananisha na kuku. Alipousikitikia mji wa Yerusalemu, hakujifananisha na simba wala na tai, bali na kuku akusanyaye vifaranga vyake. Neno hilo limo katika sura hii hii ya 13 ya Injili ya Luka, mstari wa 34. Basi yeye aliyekubali kujilinganisha na ndege huyo hatatukataza kumtazama.

Tuanze na neno tulilosoma. Bwana alikuwa akifundisha katika sinagogi siku ya sabato. Palikuwapo mwanamke aliyepindana mgongo miaka 18, asiweze kujinyosha kamwe. Hatuambiwi kwamba aliomba kuponywa. Bwana ndiye aliyemwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akasimama wima mara ile akamtukuza Mungu. Ndipo mkuu wa sinagogi akakasirika. Wala hakumkasirikia Bwana waziwazi, bali aliwageukia watu akawakaripia, ya kuwa siku za kazi ziko 6, na waje siku hizo kuponywa.

Angalieni jinsi Bwana alivyomjibu. Hakuanza na torati, wala hakuanza na malaika. Alianza na zizi. Aliwauliza kama hawamfungui ng'ombe au punda siku ya sabato na kumpeleka kunywa maji. Kisha akawauliza kama haikupasa kumfungua mwanamke huyu, naye ni binti wa Ibrahimu. Alitoka kwa mnyama akafika kwa mwanadamu. Hakusema, Waacheni wanyama wenu, mwaangalie watu. Alijua ya kuwa huruma iliyomo zizini ni njema, akataka tu iendelee kutembea mpaka ifike kwa mwanamke aliyesimama mbele yao. Amhurumiaye mnyama amejifunza herufi za kwanza. Kilichobaki ni kwamba aendelee kusoma.

Sisi tuandikao tulikuwa tumehubiri juu ya neno hili mara nyingi. Walakini hatukulielewa mpaka tulipofundishwa na kuku mmoja, na mtu wa nyumbani mwetu aliyemtunza kuku yule. Tutawaeleza jambo hili lilivyokuwa. Kosa lililomo ni letu sisi tulio mchungaji, wala si la mtu mwingine yeyote.

Ninyi mwajua desturi ya sadaka ya mavuno katika sharika zetu. Watu huleta ndizi, mahindi, maharagwe, mayai na kuku, kisha baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Mwaka mmoja bibi mmoja mjane alileta kuku jike wa rangi ya kahawia. Hakuwa kuku wa kienyeji. Alikuwa mmoja wa wale kuku wa mayai, ambao wafugaji huwauza kwa bei ndogo wakishapita mwaka mmoja na nusu hivi, kwa kuwa mayai yao yameanza kupungua. Manyoya yake ya mgongoni yalikuwa yamekatika, na kishungi chake kilikuwa kimepauka. Mnadi alipaza sauti mara tatu, hapana aliyejibu. Tuliona haya kwa ajili ya yule bibi, tukamnunua. Watoto wakampa jina la Sadaka.

Wakati ule alikuwa akikaa nyumbani mwetu shemeji yetu, ndugu ya Mama Mchungaji. Ametupa ruhusa kuandika habari hizi, ila jina lake hatulitaji. Alikuwa ameolewa miaka 9, wala hakupata mtoto. Mwisho watu wa mume wake wakasema maneno mengi, naye akarudishwa pamoja na sanduku lake. Tukampokea, tukampa chumba, tukajisifu mioyoni mwetu ya kuwa tumetenda lililo jema. Hatukufikiri kwamba pana jambo lingine tulilopaswa kumtendea.

Kuku yule akamfuata shemeji. Akienda migombani kukata majani ya ng'ombe, Sadaka yu nyuma yake. Akimenya ndizi jikoni, Sadaka amelala karibu na miguu yake. Manyoya yakaota tena, kishungi kikapata wekundu, na mayai yakaanza kuokotwa nyuma ya tenga la makaa. Watoto walipomwita shemeji, Mama mdogo, kuku naye aliinua kichwa, kana kwamba ameitwa yeye.

Jumapili moja, wakati wa mvua za masika, tulirudi kutoka kanisani tukamkuta Sadaka amesimama peke yake chini ya mgomba. Amejikunyata, mkia umeshuka, macho ameyafumba nusu. Aliingia katika kiota akatoka, akaingia tena, akajikamua, wala yai halikuonekana. Jioni alikuwa hali wala hanywi. Tulipoketi mezani watoto wakauliza atakuwaje. Sisi tukajibu mbele ya wote, kwa wepesi, kama watu wasemavyo: “Kuku asiyetaga ni wa sufuria.” Watoto wakanyamaza. Shemeji akaondoka mezani taratibu, akaenda jikoni.

Baadaye usiku tulimkuta huko ameweka karai la maji ya uvuguvugu, naye amemshika kuku ndani yake kwa mikono miwili. Hakututazama. Akasema, “Shemeji, ikiwa huyu ni wa sufuria kwa kuwa hatagi, mimi mwaniweka humu nyumbani kwa nini?”

Ndugu zetu, asubuhi ile tulikuwa tumesimama mimbarani tukihubiri neema. Tulikuwa tumewaambia watu kwamba Mungu hatupimi kwa kazi zetu. Usiku hatukuwa na neno la kumjibu. Tuliketi juu ya kigoda, tukauliza tu kama twaweza kumshikia taa.

Sasa yatupasa kueleza kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, maana wengi wenu mwafuga kuku, na asiyejua huua hata akitaka kuponya.

Kuku wa mwituni wa Asia, ambao kuku wetu wote wametoka katika ukoo wao, hutaga mayai 10 hata 15 kwa mwaka, kisha huatamia. Kuku wetu wa kienyeji hutaga zaidi ya hayo, lakini naye hupumzika anapoatamia na kulea. Bali kuku wa mayai wa siku hizi amechaguliwa na wanadamu, kizazi baada ya kizazi, hata ataweza kutaga mayai kama 300 kwa mwaka. Karibu kila siku mwili wake huunda yai jipya. Yai hukaa katika mrija wa mayai yapata saa 24 hata 26, na katika hizo kama saa 20 ni za kufanyiza ganda. Ganda lile lahitaji chokaa nyingi, kama gramu 2 kwa kila yai, na chakula kisipokuwa na chokaa ya kutosha, kuku huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Tena, kwa kawaida kuku ana mrija mmoja tu ufanyao kazi, ule wa upande wa kushoto. Huo ukiharibika, hana mwingine. Basi tusishangae kwamba kuku hawa huugua sana katika viungo vya uzazi. Walichukuliwa mzigo ambao hawakuuomba, nasi tumekula mayai yao.

Magonjwa hayo ni ya namna nyingi. Mara nyingine yai hukwama njiani, hasa likiwa kubwa mno au likiwa halina ganda gumu. Mara nyingine mrija hujaa uchafu na usaha. Mara nyingine kiini hakiingii katika mrija, bali huanguka ndani ya tumbo, na tumbo likavimba na kujaa maji. Mara nyingine mrija hutokeza nje, na kuku wenzake wakiuona mwekundu humdonoa mpaka afe, asipotengwa upesi. Tena kuku wazee hupata saratani katika kifuko cha mayai. Ugonjwa huo huwapata kuku wenyewe kwa wingi, hata wataalamu huwachunguza ili wapate maarifa ya kuwasaidia wanawake waliopatwa na saratani ya namna iyo hiyo. Kumbe hata katika mateso yake kuku huwatumikia binti za Ibrahimu.

Usiku ule tulimpigia simu bwana mifugo. Alituagiza kumkalisha kuku katika maji ya uvuguvugu yafikayo tumboni, kama nusu saa, kisha kumkausha vizuri na kumweka mahali penye joto na giza, pasipo kelele. Akatuagiza kumpaka mafuta safi kidogo penye tundu la kutagia, na kumpa maji ya kunywa yenye chokaa ya dukani iliyo ya mifugo. Akatuonya sana tusimkamue tumbo, wala tusijaribu kulivunja yai ndani yake, kwa kuwa vipande vya ganda hukata, na yaliyomo humwagika tumboni na kuleta uharibifu. Akasema kwamba yai lisipotoka kwa muda wa siku moja au mbili, kuku aweza kufa, na atakuja mwenyewe asubuhi. Shemeji alikesha. Saa nane za usiku yai likatoka. Halikuwa na ganda, lilikuwa laini kama ngozi. Asubuhi Sadaka alikunywa maji, akadonoa mtama mkononi mwake.

Tungependa kuwaambia kwamba akapona kabisa. Haikuwa hivyo. Tulisaga maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni tukamwekea pembeni, ale apendapo. Akataga mayai mazuri majuma machache, kisha yakaja tena mayai laini, na tena akakwama, na tena karai likawekwa jikoni. Halafu akaacha kutaga kabisa. Tukadhani amepumzika, kumbe viini vilikuwa vikianguka tumboni. Tumbo likavimba, akawa akienda wima, miguu ikiwa mbalimbali, na akipanda mteremko alihema kwa kinywa wazi. Bwana mifugo akaja na sindano, akatoa maji ya rangi ya manjano. Asijaribu mtu kufanya hivyo asiyefundishwa. Kuku akapata nafuu, akaoga mavumbi juani siku ile ile. Bwana mifugo akatueleza ya kwamba mahali pengine wako waganga wa wanyama wawekao dawa chini ya ngozi ya kuku, nayo huzuia kutaga kwa miezi kadhaa. Tena wako wapasuao na kuuondoa mrija, ingawa wengi hawaishi baada ya kupasuliwa. Gharama zake hatukuziweza. Tulichoweza ni usafi, joto, chakula chema, maji, na kumpunguzia maumivu.

Miezi 7 alikaa nasi hivi, wala hakutaga yai hata moja. Hakuatamia, hakulea kifaranga. Twawaambia wazi, ili mtu asitafute faida mahali isipokuwapo. Mzee mmoja wa usharika alituuliza kwa upole, “Mchungaji, fedha hizo zisingeweza kumsaidia maskini?” Lilikuwa swali la haki. Tulimwonyesha hesabu: bwana mifugo alipewa nauli yake na bei ya dawa, nayo yote haikufika bei ya mbuzi. Tukamwambia pia ya kuwa katika miaka yetu ya uchungaji hatujamwona bado mtu aliyemnyima mnyama wake huruma ili ampe maskini. Aliye mgumu zizini huwa mgumu mlangoni vilevile.

Maji yalirudi tumboni mara ya pili, yakatolewa. Yaliporudi mara ya tatu, Sadaka hakuweza tena kulala chini bila kuhema. Sisi tulikuwa tumekwisha kujifunza, tukasema na aendelee kutunzwa. Shemeji ndiye aliyetusahihisha. Alisema, “Sasa anakaa kwa ajili yangu, shemeji, si kwa ajili yake.” Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake, na kwamba huruma ya mtu mbaya yaweza kuwa mateso. Kumwacha kiumbe ateseke kwa kuwa sisi twaogopa kumkosa, hiyo nayo ni huruma iliyopotoka. Bwana mifugo akaja jioni. Shemeji akamshika mapajani, na kazi ikafanyika kwa haraka, kwa mkono unaojua. Hatukumla, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, tena alikuwa amepewa dawa. Watoto wakachimba shimo la kwenda chini chini ya mgomba ule alioupenda, mbwa wasimfukue.

Baada ya hayo tulikuwa na deni. Neno lile la sufuria lilisemwa mezani mbele ya watoto, basi mezani mbele ya watoto ilitupasa kuliungama. Jumapili iliyofuata, kabla ya kuombea chakula, tulisema kwamba tulinena neno ovu, kwamba lilimchoma shemeji yetu, na kwamba halikuwa kweli kwa kuku wala kwa mtu. Tukamwomba atusamehe. Shemeji akasema, “Nimesikia, shemeji.” Kisha akagawa chakula. Hakulia, wala hakutupa mkono. Siku nyingi zilipita kabla hajacheka nasi tena. Twaandika haya ili watu wasidhani ya kuwa kuungama ni kama kulipa kodi, ukapewa stakabadhi mara moja. Aliyejeruhi hana amri juu ya siku ya kupona ya aliyejeruhiwa.

Haya basi, ndugu, neno hili latufundisha nini?

Kwanza, latufundisha ya kuwa thamani ya kiumbe haitoki katika mazao yake. Katika Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529, twajifunza kwamba Mungu ametuumba na kututunza kwa wema wake tu, pasipo sisi kumstahilia neno. Watoto wetu wa kipaimara wanalijua hili kwa moyo. Nasi tulipobatizwa tukiwa wachanga, tulikuwa tumetaga yai gani? Tuliletwa mikononi, hatujui kusema wala kutembea, tukapokewa. Basi yawezekanaje kwamba tuliopokewa bure tuwapime wenzetu kwa mazao? Jumapili twaimba neema, na Jumatatu twahesabu mayai.

Mtu atasema, Lakini mti usiozaa hukatwa, na mfano ule umo katika sura hii hii, mstari wa 6 hata wa 9. Ndiyo, umo. Lakini someni mistari inayoutangulia. Matunda ambayo Bwana anayataka pale ni toba, si watoto wa tumboni. Nyumbani mwetu mti usiozaa hakuwa shemeji. Mti usiozaa ulikuwa umevaa kanzu ya kichungaji. Nasi twamshukuru mtunza shamba aliyetuombea mwaka mmoja zaidi, akatupalilia na kututilia mbolea, ingawa mbolea hiyo haikuwa na harufu nzuri puani mwetu.

Pili, latufundisha kuchunga vinywa vyetu. Katika sharika zetu wako wanawake wengi wasiopata watoto. Wao husikia maneno yetu arusini, tunapomwombea bibi arusi watoto saba kana kwamba bila hao ndoa si ndoa. Huyasikia siku ya ubatizo, nao huketi nyuma. Huitwa kwa majina ambayo hatutayaandika hapa. Wako mama wakwe wanaowahesabia miezi, na wako wazee wa kanisa waliopata kushauri kwamba mke arudishwe kwao. Tena mume mara nyingi hakubali kwenda hospitali, ingawa waganga wamekwisha kujua tangu zamani kwamba chanzo cha kukosa mtoto chaweza kuwa kwa mwanamume kama kwa mwanamke, au kwa wote wawili. Ndugu zetu wanaume, kama umemleta kuku wako mgonjwa kwa bwana mifugo, lakini umekataa kuongozana na mke wako kwa daktari, Bwana akuulize swali lile alilomwuliza mkuu wa sinagogi. Nanyi mliooa mbele ya madhabahu, mliahidi kukaa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Hapana aliyeahidi kukaa mpaka hesabu ya watoto itakapotimia.

Tena si wanawake hao tu. Wako wazee wasioweza tena kushika jembe, na vijana waliozaliwa na viungo visivyofanya kazi. Wako wagonjwa wanaokula dawa za nyumba nzima. Hao nao wasikia mezani yale tusemayo juu ya ng'ombe asiyekamuliwa na kuku asiyetaga, na kila mmoja huuliza moyoni swali lile la jikoni: Mimi mwaniweka kwa nini?

Tatu, latufundisha kazi ya mikono. Huruma si machozi tu. Bwana hakumhurumia yule mwanamke kwa mbali. Alimwona, akamwita, akamgusa. Basi nanyi mfugao, mwangalie mifugo yenu kwa maarifa. Kuku wa mayai apewe chokaa na maji safi kila siku, na kiota kitulivu. Akijikunyata, msimngoje mpaka kesho kutwa. Mwiteni bwana mifugo, wala msimpe mabaki ya dawa za watu. Ukimpa dawa, uliza ni siku ngapi mayai na nyama yake visiliwe. Oshani mikono baada ya kumshika mgonjwa. Na kuku wakianza kufa wengi kwa mara moja, hilo si jambo la yai kukwama. Labda ni mdondo au homa nyingine ya kuambukiza, basi peleka habari upesi. Mambo haya ni ya ibada kadhalika. Yeye aliyemfungua punda siku ya sabato akampeleka majini alifanya ibada njema, naye Bwana hakumkemea.

Shemeji yetu yuko nasi hata leo. Sasa ni mmoja wa wanawake wanaowatembelea wagonjwa wa usharika, na wako wanaotaka aende yeye kuliko mchungaji. Hatusemi hili ili kuonyesha kwamba hatimaye amezaa matunda, tukarudi palepale tulipotoka. Asingetembelea hata mgonjwa mmoja, angali ni binti wa Ibrahimu, na mahali pake mezani ni pake. Jina hilo Bwana alimpa yule mwanamke, wala hakuuliza kwanza kama ana watoto, wala Luka hakutuandikia.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetaka kutukusanya kama kuku akusanyavyo vifaranga, nasi hatukutaka, utusamehe. Utusamehe maneno tuliyoyasema mezani tukadhani ni mzaha. Uwafariji waliochomwa nayo, nasi utupe subira mpaka watakapoweza kucheka tena pamoja nasi. Utufundishe kuviangalia viumbe vyako vyote kwa jicho ulilomtazamia mwanamke aliyepindana. Na siku tutakapokuwa hatuna cha kukuletea, wala nguvu, wala kazi, wala matunda, utuweke chini ya mabawa yako kwa neema tu. Amina.